Picha za safari ya maji ya Lamu: maswali mnayoniuliza kila nikizituma

Kila nikitoka Lamu na kuanza kuwatumia picha za mikoko na mashua maswali ni yale yale, inboksi, kwenye komenti, kwenye grupu zetu za WhatsApp, na wengine hadi wanapiga simu kutoka Maskati na Toronto. Nimeonelea niyaweke majibu yote pamoja hapa, ili anayejiunga leo asome mwenyewe na yule anayepanga kwenda aende akijua. Mengine nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu yanastahili, mengine ni mstari mmoja tu.

Hizi picha ni za wapi hasa? Huo ni mto ama bahari?

Ni bahari. Najua inadanganya macho, maji yametulia, miti imefunga huku na huku, njia inapinda unadhani uko juu ya mto Tana, lakini onja maji utajua. Lamu si kisiwa kimoja, ni visiwa vingi vilivyokaa karibu karibu: kuna Amu yenyewe ambako ndiko kwenye mji, Manda iko mbele yake ng'ambo ya mkondo, Pate ndiyo kubwa kuliko zote upande wa kaskazini mashariki, halafu kuna Manda Toto, Ndau, Kiwayu na vingine vidogo vidogo. Katikati ya visiwa hivyo na bara, bahari imeingia kwa mikono na hori nyingi sana, na kandokando yake yote ni mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii ya Lamu, kwa hivyo ukiona picha zangu kumi na zote zina miti majini usishangae.

Watu wengi wakienda Lamu wanapiga picha za vichochoro, milango ya nakshi na punda, kisha wanarudi. Si vibaya, mji ule uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001 na kweli unastahili. Ila mji huo umeishi kwa maji, boriti za nyumba zimekuja kwa maji, chakula kimekuja kwa maji, wageni na wasomi wamekuja kwa maji, na ukiutazama kutoka ndani ya mashua ndipo unaelewa kwa nini ulijengwa pale ulipojengwa.

Njia yenyewe inapita wapi?

Kama umekuja kwa gari unafika Mokowe upande wa bara, unavuka kwa boti hadi Amu. Kama umekuja kwa ndege basi uwanja uko Manda, na pia unavuka. Kwa hivyo safari ya maji inaanza hata kabla hujaweka begi chini.

Kutoka hapo mimi napenda vipande vitatu. Cha kwanza ni hori la Takwa, linaingia ndani ya Manda karibu likikate kisiwa vipande viwili, mwisho wake unashuka unatembea kidogo hadi kwenye magofu. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili kati ya karne ya 15 na ya 17 kisha watu wakauhama, na wazee wa Shela, kijiji jirani na mji wa Amu, wanasema asili yao ni huko. Kuna msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya kibla na kaburi la nguzo. Cha pili ni mkondo wa Mkanda, uko kati ya Manda na bara, mwembamba, ndiyo njia ya kwenda Pate kwa utulivu bila kutokea bahari kuu. Unapitiliza hadi Mtangawanda ambako ndiko watu wa Pate wanashukia, halafu kama una siku zaidi kuna Siyu na ngome yake, na Faza. Cha tatu ni kuzunguka nyuma ya Amu kwenda Matondoni na Kipungani, vijiji vya mafundi wa mashua, huku Kipungani kina mama wanasuka mikeka na majamvi.

Ukiwa na siku moja tu, nenda Takwa. Ukiwa na wiki, tafadhali fika Siyu.

Mbona picha moja maji yamejaa na nyingine ni matope matupu na umeandika mahali ni pale pale?

Kwa sababu ni pale pale kweli. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ukilielewa picha zako zitabadilika kabisa.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku inasogea mbele kama dakika hamsini. Wakati wa bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika kama mita tatu hivi, hio ni zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba. Sasa fikiria hori lisilo na kina, mita tatu zikiondoka inabaki nini? Matope, mizizi, kaa wanakimbia, yangeyange wanatembea wakiokota chakula. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, maji hayaji sana wala hayaendi sana.

Na hapa ndipo utamu ulipo kwa mpiga picha. Pwani yetu hii bamvua ina saa zake, maji yanajaa karibu saa kumi na kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanapwa kabisa karibu saa nne na saa tano. Kwa hivyo ukitaka ile picha ya hori limejaa hadi kwenye majani na jua la jioni likipiga pembeni, panga safari yako karibu na tarehe moja au tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu, na siku mbili tatu baada yake. Ukitaka matope yanayong'aa na mizizi imetoka nje kwenye mwanga mzuri wa jioni, nenda mwezi ukiwa nusu, maana siku hizo maji yanajaa saa nne saa tano na jioni yamepwa. Watu wa pwani hawahitaji programu ya simu kujua haya, wanahesabu mwezi, na nahodha yeyote ukimuuliza "maji ya saa ngapi leo?" atakujibu bila kutazama popote. Muulize, mtu yule ana elimu kubwa.

Halafu si suala la uzuri tu. Takwa na Siyu boti inaingia maji yakijaa, ukichelewa kutoka kwa sababu unatafuta picha moja ya mwisho, boti inakaa juu ya matope na mnangoja maji yarudi, saa nyingi, na jua ni kali. Nahodha akisema twende, funga kamera uende.

Mwezi gani wa mwaka ni mzuri?

Kaskazi, kuanzia kama Disemba hadi Machi, bahari imetulia, anga iko safi, joto lipo lakini linavumilika ukiwa kwenye maji. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, mlango wa bahari pale Shela unachafuka na mawimbi yanakuwa makubwa, ila ndani ya mikono ya bahari bado kunapitika vizuri kwa sababu visiwa vinakinga. Mvua za masika zinamwagika zaidi Aprili na Mei, mawingu yake yanatoa picha nzuri ajabu lakini ubebe mfuko wa plastiki wa kutosha.

Saa ngapi mwanga ni mzuri?

Lamu iko digrii mbili tu kusini ya ikweta, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, na linapanda haraka sana. Saa tatu asubuhi mwanga ushakuwa mkali, saa sita kila kitu kimepauka na nyuso zina vivuli vyeusi chini ya macho. Kwa hivyo ni alfajiri hadi saa mbili, na saa kumi na moja hadi giza.

Jambo moja ambalo wageni hawalijui: mji wa Amu unatazama mashariki. Asubuhi jua linaupiga usoni, kuta nyeupe, milango, watu wanaoshuka gatini, vyote vinawaka, kwa hivyo picha ya mji kutoka majini ni ya asubuhi. Jioni jua liko nyuma ya mji, utapata kivuli cha minara na minazi, nzuri pia kwa namna yake, lakini ukitaka kuonyesha mji wenyewe utasikitika. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vya jioni.

Unatumia kamera gani?

Simu. Simu ya kawaida, wala si ya bei kubwa. Nawasha ile mistari ya gridi ili bahari isilale upande mmoja, kwenye mashua inayoyumba jicho linakudanganya. Nagusa sehemu ya anga yenye mwanga kisha nashusha mwanga kidogo kwa kidole, maji yanabaki na rangi yake. Na kabla ya kila picha napangusa lenzi. Chumvi inayorushwa na upepo inaganda kwenye lenzi bila wewe kuiona, halafu picha zote za siku hio zinatoka na ukungu mweupe na mtu anasema simu imeharibika. Beba kitambaa laini kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi na kingine kikavu, usitumie kanzu wala leso yenye mchanga, utakwaruza.

Zumu ya kuvuta kwa vidole iacheni. Mwombe nahodha asogee.

Simu ikianguka baharini?

Zima haraka. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kama ni ile simu inayovumilia maji, maana hata hizo zinapimwa kwa maji yasiyo na chumvi, maji ya bahari yanakula vyuma vya ndani na tundu la chaji. Kama si ya aina hio usiiloweshe tena, pangusa, toa laini na uipeleke kwa fundi mapema ukifika nchi kavu. Usiichaji ikiwa na unyevu hata kama una haraka. Na mchele msitie, Apple wenyewe walitoa ushauri 2024 kwamba chembechembe za mchele zinaweza kuharibu simu, iache mahali penye hewa ikauke polepole. Bora zaidi ni kuzuia, mfuko wa kuning'iniza shingoni usiopitisha maji haugharimu sana.

Kwangu picha zako zinafika na ukungu, kwako ziko wazi. Kwa nini?

WhatsApp inabana picha ili zipite haraka na zisile bando. Majani ya mikoko na mawimbi madogo ndiyo yanaumia zaidi kwa sababu yana vitu vingi vidogo, yakibanwa yanakuwa kama rangi imemwagika. Siku hizi kabla ya kutuma kuna alama ya HD pale juu, ibonyeze, inasaidia. Ukitaka ifike vile vile ilivyopigwa, itume kama dokumenti, nenda kwenye faili na si kwenye galari.

Lakini hapa nisikilizeni. Picha ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaondoa yale maelezo yaliyofichwa ndani yake ya mahali na saa. Ukiituma kama dokumenti yanakwenda nayo yote, anayepokea anaweza kuona mpaka nukta ya mahali ulipopigia. Kama umepiga nyumbani kwa mtu aliyekukaribisha Siyu, fikiria kwanza, au uzime lokesheni kwenye mipangilio ya kamera kabla ya safari.

Basi nitumie zote!

Hapana ndugu yangu, na si uchoyo. Mkiwa wengi kwenye grupu, mtu mmoja akimwaga picha themanini, wenzake wenye bando la siku moja wameliwa data yote kwa picha sita za mtumbwi ule ule. Natuma saba au nane zilizochaguliwa, moja ya kuonyesha mahali pote, moja ya karibu, moja ya watu wakifanya kazi kama wamekubali, na kadhalika, ili anayetazama asafiri nami kutoka gatini hadi mwisho wa hori. Waliotaka zaidi nawawekea albamu Google Photos na kuwapa linki, anafungua mwenyewe akipata waifai. Kumbuka tu mambo mawili, kwanza nafasi ya bure ni GB 15 na tangu Juni 2021 kila picha inahesabiwa humo, pili yeyote mwenye linki anaona, kwa hivyo albamu ya linki si mahali pa picha za familia.

Mtandao unashika huko?

Mjini Amu na Shela vizuri. Ndani ya Mkanda unakuja na kupotea, Pate inategemea kijiji. Mimi situmi chochote nikiwa kwenye maji, natuma jioni au nikisharudi nyumbani. Powabenki ni lazima.

Mbona sura za watu hazionekani kwenye picha zako nyingi?

Kwa sababu wengi sikuwaomba, na asiyeombwa hatumwi.

Nieleze kidogo maana kuna waliokasirika wakisema picha zangu hazina uhai. Lamu ni mji wa Waislamu wenye heshima zao, mwanamke aliyevaa buibui lake anapita gatini hakuja kupigwa picha, na mama anayesuka mkeka barazani kwake Kipungani yuko nyumbani kwake hata kama wewe unapita njiani. Mtu akishapigwa picha na ikaingia mtandaoni, haimo mikononi mwake tena. Inazunguka kwenye grupu, inawekwa maneno, inatumika kwenye tangazo la hoteli, na yeye hajui. Mimi nina jamaa zangu pwani hii, nisingependa kukutana na picha ya shangazi yangu kwenye simu ya mtu nisiyemjua.

Kwa hivyo utaratibu ni huu: salamu kwanza, na salamu ya kweli, si ya kupita. Kaa, uliza habari za kazi, kisha omba, na ueleze wazi kwamba unataka kuituma kwa marafiki mtandaoni, kwa sababu mtu anaweza kukubali upige ukaweke nyumbani lakini asikubali iende kwenye Facebook. Akisema la, ni la, shukuru ukae naye tu. Akikubali, muonyeshe ulichopiga. Watoto, hata wakirukaruka mbele ya kamera wakisema nipige nipige, ruhusa ni ya mzazi.

Na sheria ipo pia. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya sura ya mtu inahesabika humo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hio ilikuwa biashara, wewe unatuma kwa rafiki, lakini wenye kurasa za utalii na wanaolipwa kwa posti zao hili linawahusu moja kwa moja.

Mkono wa fundi umeshika keekee, mgongo wa baharia anayevuta demani, ile kamba ya tanga, nyayo kwenye matope, hizi zina uhai wote unaotaka.

Kuna mahali hapapigwi picha kabisa?

Ndiyo. Kambi za kijeshi upande wa ghuba ya Manda, vyombo vya doria, vituo vya polisi, acheni kabisa. Bandari mpya ya Lamu iliyofunguliwa 2021 utaiona kutoka majini na kreni zake kubwa, uliza nahodha kwanza na msisogee. Misikitini uliza, na wakati wa sala usipige watu. Kaburi la nguzo pale Takwa watu wa Shela huenda kuomba dua, ukiwakuta, weka simu mfukoni.

Upande wa juu kabisa, Kiwayu kuelekea Kiunga, uliza hali ya usalama kabla ya kupanga chochote, kwa wenyeji na kwa maafisa wote wawili.

Na droni?

Lazima iandikishwe na kupata kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na Lamu yenye kambi na uwanja wa ndege karibu hivyo si mahali pa kujaribu bahati. Pia inapita juu ya nyua za watu, na nyumba za mawe za Amu ndani zina uwazi wa katikati ambao ndio faragha ya familia. Mimi sirushi.

Miti hiyo yote ni mikoko?

Kwa jumla tunasema mikoko lakini si mti mmoja. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi mirefu iliyoinuka juu ya maji kama mguu wa kaa. Ile yenye vidole vidogo vimechomoza kutoka matopeni ni mchu, vidole vile ni mizizi ya kupumulia. Mlilana unapenda kukaa mbele kabisa kwenye maji, na mafundi wa mashua wanautaka kwa mataruma, zile mbavu za chombo, kwa sababu mbao zake zina upindo wa asili. Kuna mkandaa, kuna muia, kuna mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Ukipita na nahodha mzee muombe akuonyeshe mmoja mmoja na upige kila mmoja, ni picha ambazo wenzako mtandaoni watajifunza kitu.

Boriti za nyumba zote za zamani za Amu ni miti hii, na ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, upana wa chumba unaishia pale urefu wa boriti unapoishia. Mtu akishajua hilo anaangalia ile picha ya hori kwa macho mengine.

Yale macho mbele ya jahazi ni ya nini?

Ni duara la mbao lililochongwa na kupakwa rangi, mara nyingi lina nyota na mwezi, linawekwa kila upande wa omo. Tangu zamani vyombo vya Lamu vinapambwa hivyo. Piga kwa karibu asubuhi, rangi zinatoka vizuri. Na tafadhali msiite kila chombo jahazi, nyingi mnazoziona kwenye picha zangu ni mashua, jahazi ni kubwa zaidi, dau la wavuvi ni lingine, na ule mdogo wa kuchongwa gogo moja ni mtumbwi.

Wewe unaandika maneno mengi chini ya picha, si picha inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo nina msimamo mkali kuliko pengine pote. Picha ya mikoko bila maelezo inaweza kuwa Lamu, inaweza kuwa Rufiji, inaweza kuwa Gazi au Pemba. Ikifowadiwa mara tatu imeshakuwa "Afrika" tu. Baada ya wiki iko kwenye ukurasa wa mtu anauza safari za mahali pengine kabisa, na hori lenye jina lake na watu wake limegeuka pambo. Ninyi mnaosoma haya ndio mnaozieneza, kwa hivyo inaanzia kwetu.

Andika mahali, kwa jina ambalo wenyeji wanalitumia. Andika wakati na hali ya maji. Andika ni chombo gani na kinafanya nini. Ikiwa kuna mtu na amekubali jina lake litajwe, mtaje, kama hajakubali usimtaje. Kwa mfano: "Hori la Takwa, Manda. Saa moja asubuhi, siku tatu baada ya mwezi mpevu, maji yanaanza kupwa. Dau linarudi kutoka kuvua. Mbele ni mikoko, nyuma yake michu." Mistari miwili tu, lakini mzee wa Kiamu aliyeko Maskati miaka mingi akiisoma anajua amesimama wapi, na mtoto wake aliyezaliwa huko anapata cha kumuuliza. Nimeona kwenye grupu yetu, posti yenye maelezo kama hayo komenti zake ni watu wanaeleza habari za babu zao na safari za Pate, posti ya picha tupu komenti zake ni "wow" na moyo.

Naruhusiwa kushea picha zako?

Za mahali na vyombo, ndiyo, ukibeba maelezo yake yote. Zenye watu, hapana, hata ikiwa ni stetasi ya saa ishirini na nne, kwa sababu waliniruhusu mimi. Za biashara niulize kwanza. Msiweke filta za kubadilisha rangi ya maji kuwa buluu ya kadi, maji ya mikoko yana rangi ya chai na kijani, na hio ndiyo rangi yake ya haki.

Mahali kasa wanapotaga umepiga lakini hukusema ni ufuo gani?

Sisemi na sitasema. Mayai yanachimbwa na kuuzwa. Ukiwakuta usiku usiwashe fleshi wala tochi ya simu, kaa mbali, na usitume lokesheni hata kwa rafiki unayemwamini, maana atamtumia rafiki anayemwamini.

Nimpe nini nahodha zaidi ya pesa yake?

Kwanza pesa yake mkubaliane kabla ya kupanda na uilipe kamili, na muulize kama kuna majaketi ya kuokolea ya watu wote, hakuna jaketi hakuna safari. Baada ya hapo, mpe picha zake. Wageni wanapiga mashua ile kila siku ya Mungu na mwenye mashua hana hata moja. Kama ana simu nzuri mtumie jioni ile ile, tena kwa saizi kamili, anaweza kuzitumia kutafutia wateja. Kama hana, safisha picha mbili tatu studio na umpelekee au umtumie na mtu anayekwenda. Ukirudi mara nyingine hutakuwa mteja tu, atakupeleka kwenye hori ambazo hazimo kwenye picha ya mtu yeyote.

Nikiona umekosea jina la mahali ama la chombo?

Niandikie hapo hapo kwenye komenti, si inboksi, ili na wengine waone. Wazee wa Amu, Pate na Faza mlioko nje na hamjaona nyumbani muda mrefu, ninyi hasa nawaomba. Nikishapata jina sahihi nahariri posti ile ile badala ya kuweka mpya, na naandika chini aliyelileta kama ameniruhusu, halafu nabadilisha na kwenye albamu. Kwa sasa kuna picha nne za nyuma ya Matondoni ambazo sina majina ya vijito vyake, ziko mwisho wa albamu, atakayezijua aandike.